Bakuli la Bati Kizingitini

Kila adhuhuri, watoto wakishatawanyika, Zipora alichukua bakuli lake la bati, akaenda kukaa kwenye kizingiti cha shule, akala polepole huku akitazama njia. Angeweza kula ndani. Ndani kulikuwa na kivuli, na upepo wa kiangazi haukufika huko kumtilia vumbi ugalini. Lakini ndani hapiti mtu. Kizingiti kilielekea njia ya kisimani, na kila aliyepita, mkubwa kwa mdogo, Zipora alimwinulia uso akamwambia, "Karibu."

"Endelea, mwalimu," walimjibu, na mwendo hawakupunguza.

Wanawake walipita na mitungi kichwani, wakajibu. Wachungaji walipita nyuma ya ng'ombe, wakajibu wakiwa wameshampa mgongo. Siku moja Halfani, mchuuzi wa asali kutoka milima ya Kondoa, ambaye hakuyajua mambo ya pale Chitungwi, aliisikia ile karibu akafurahi, akamfunga punda wake kwenye mti, akaja akikunja mikono ya kanzu apate kunawa. Alipofika akaona ni mwanamke, na hakuna mwingine, si ndani wala nje. Akasimama. Akasema samahani mama, amekumbuka kwamba amefunga. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa umekwisha zamani. Zipora alicheka kidogo, akaendelea kucheka peke yake hata punda alipokwisha kupotelea nyuma ya vichaka vya miiba.

Katika nchi ya Wagogo mtu hali peke yake. Wanaume hula uani, mikono yao ikikutana katika bakuli moja la mti. Wanawake hula jikoni karibu na mafiga, watoto wakiwa wamewaegemea magotini. Anayekula peke yake ni mgonjwa, au mzazi ambaye hajatolewa nje na mtoto wake, au mchawi. Zipora hakuwa mgonjwa, wala hakuwahi kuzaa. Watu wa Chitungwi walikuwa na adabu, hawakulitaja lile la tatu.

Alikuwa mwalimu mkuu. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu.

Mwaka ule ulikuwa wa mwisho kabla ya vita vya Wazungu, ingawa hakuna aliyejua. Baada ya mavuno Padri alifika akiwa amepanda nyumbu, akakaa juu ya kigoda penye kivuli cha ukuta wa shule, akamweleza Zipora kwamba kuna kijana anaitwa Bartolomayo, anamaliza masomo yake ya ualimu kule Kongwa. Mvua za kwanza zikinyesha atakuja kuishika shule ya Chitungwi. Zipora atarudi kuwa msaidizi, kama zamani.

Zipora aliuliza amekosa nini. Padri akasema hakukosa kitu. Watoto wanasoma vizuri, hata Bwana Shauri wa Dodoma, Mdachi asiyependa sana mambo ya misheni, alipopita aliwasikia wakihesabu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ila walimu wa shule ndogo wananung'unika. Na yeye mwenyewe Padri anaona kwamba mwanamke peke yake mbele ya wanaume ni kama mti ulioota juu ya paa la tembe. Watu hawauombei mvua, wanangoja tu uanguke.

"Mmoja ni ajabu," alisema. "Wakiwa wawili ni desturi. Nipatie mwanamke wa pili, awezaye kusimama mbele ya walimu na kushika shule siku usipokuwapo. Ukimpata, Bartolomayo nitamtafutia mahali pengine."

Alipoondoka, Zipora alibaki amekaa pale pale mpaka kivuli kikamhama. Mwanamke huyo alimjua. Hakuwa na haja ya kumtafuta mbali: Loisi binti Matonya, aliyekuwa akiwashika watoto wadogo asubuhi na kuwaandikisha herufi kwenye majivu yaliyotandazwa sakafuni, ili wakikosea wafute kwa kiganja na kuanza upya bila aibu. Hilo la majivu hakufundishwa na mtu. Kama yupo mtu wa kuishika shule ile, alikuwa Loisi; na kama Loisi hatakubali, mvua ya kwanza ingemkuta Zipora akifagia darasa la mtu mwingine.

Zipora hakuwa mzaliwa wa Chitungwi. Aliletwa mwaka wa njaa, yu mgongoni kwa mjomba wake, akaachwa misheni kwa maneno kwamba atafuatwa mvua ikinyesha. Mvua ilinyesha. Mjomba hakuonekana tena. Mtoto akakua katika nyumba ya mwalimu Nikodemo, akajifunza kusoma akiwa amebeba watoto wa watu, na alipokuwa msichana mkubwa akapewa darasa la wasichana. Hakuposwa. Si kwamba alikuwa na kasoro. Ila hakuwa na ukoo wa kupokea ng'ombe, na kijana anayepeleka ng'ombe hutaka kujua wamelala zizini kwa nani.

Miaka ile hakujiona mpweke. Mchana alikula jikoni kwa mke wa Nikodemo pamoja na wanawake wengine, wakichovya mlenda katika chungu kimoja, wakisengenya na kucheka mpaka mwingine akapaliwa, wenzake wakampiga mgongoni. Hakuwaza kwamba ile ilikuwa furaha. Alidhani ni chakula tu.

Kisha reli ikafika Dodoma. Wadachi walitaka watu wanaojua kusoma, na Nikodemo akaitwa stesheni kuwa karani. Akahama na mke wake na watoto wake, na vijana wengi wakamfuata, kila mmoja akisema atarudi msimu wa kulima. Kitu pekee kilichorudi kilikuwa kipande cha chuma cha reli, alichokituma Nikodemo kitundikwe kiwe kengele ya shule. Padri alitazama huku na huku, hakuona mwanamume wa kuishika shule, akamkabidhi Zipora kile chuma na nyundo yake. Kwa muda, alisema.

Siku ile ile, Emilia mke wa Matonya, ambaye sasa ndiye aliyewapikia wageni wa kanisa katika jiko aliloliacha mke wa Nikodemo, alitoka humo na bakuli la bati jeupe, lenye ukingo wa buluu, zawadi aliyoachiwa na mke wa Padri. Alilipakua vizuri, ugali wa uwele upande mmoja, mlenda upande mwingine, akampa Zipora kwa mikono miwili.

"Hili ni lako, mwalimu," alisema. "Mkuu hachovyi na akina sisi."

Alisema kwa heshima kabisa, na wanawake waliokuwa nyuma yake walifurahi kuona mwenzao amepanda. Zipora alipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Alipogeuka nalo ndipo alipotambua kwamba hajui aende wapi. Upande wa kushoto, uani, wazee wa kanisa na walimu walikuwa wameshazunguka bakuli lao. Upande wa kulia mlango wa jikoni ulikuwa wazi, lakini wanawake walikuwa wamesimama mlangoni wakimngoja aondoke ili nao wakae. Katikati palikuwa na shule na kizingiti chake. Akaenda akakaa hapo, na tangu siku hiyo pakawa pake.

Shule ya Chitungwi ilikuwa mama wa shule nyingine mbili ndogo. Kila Jumamosi walimu wake walikuja kwa mashauri: Silvano, mtu mzima, mnene, mpole, aliyependa mambo yaishe; na Yotham, kijana mwenye maneno, aliyekuwa na hakika kwamba kama si haraka ya Padri, kile chuma cha reli kingekuwa mkononi mwake. Zipora aliwakalisha ndani, akaeleza yanayotakiwa kuelezwa. Wao walitazama dari la miti na udongo, wakaitika ndiyo mwalimu, sawa mwalimu. Shauri lilikwisha upesi hata yeye mwenyewe alishangaa. Kisha chakula kikatoka. Wao wakaenda uani kwenye bakuli la wanaume, yeye kizingitini.

Jumatatu moja wasichana hawakuja. Alipiga chuma mara ya pili, wavulana wakacheka wakamwambia: mwalimu, hujui? Wasichana ni mchana siku hizi. Imekatwa Jumamosi.

Imekatwa wapi? Uani.

Basi ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Shauri la shule halikukatwa darasani. Lilikatwa kati ya tonge na tonge, mikono ikiwa katika bakuli moja, pale ambapo asiyekula hana neno. Na kuwahamishia wasichana mchana ilikuwa kuwafukuza kwa adabu, kwa sababu mchana binti wa Kigogo yuko kisimani au kwenye kinu, na hakuna mama atakayemwachia aende akasome huku unga haujatwangwa.

Jumamosi iliyofuata Zipora alichukua bakuli lake akaenda nalo uani, akaketi kando ya wanaume. Hakuchovya kwao. Alikula chake, karibu ya kutosha kusikia. Hapakuwa na cha kusikia. Mikono ilisimama. Silvano alikohoa. Yotham alimega tonge moja la mwisho, akalitazama kana kwamba halifahamu, akalirudisha.

"Sisi tumeshiba, dada Zipora," alisema, akanawa mikono. "Ugali wa leo ulikuwa mzito."

Wakainuka wote, wakaacha ugali umejaa. Emilia aliporudishiwa bakuli lile jikoni, lililomegwa pembeni tu kama limeonjwa na kuku, alilia kwa hasira. Hakumkasirikia Yotham. Alimkasirikia Zipora, ambaye ujana wake wote alikula katika jiko lile lile na alijua wazi kwamba chakula kilichosusiwa humwaibisha aliyekipika.

Wiki nzima Zipora aliwaza. Akakumbuka kwamba kitu kimoja bado kiko mikononi mwake. Yeye ndiye mwenyeji. Chakula cha Jumamosi hakitoki jikoni mpaka yeye aseme.

Jumamosi ilipofika aliwakalisha walimu ndani, akaeleza yake, wakaitika ndiyo mwalimu, sawa mwalimu. Kisha akanyamaza. Wao wakanyamaza. Harufu ya mlenda wenye karanga ikapita dirishani, ikakaa nao. Silvano alijigeuza juu ya kigoda. Mwishoni Yotham akauliza chakula kiko wapi.

"Kiko jikoni," alisema Zipora. "Kitatoka shauri likiisha."

"Shauri limekwisha. Tumesema ndiyo."

"Mmeniambia mimi ndiyo. Nangoja lile mtakaloambiana mkifika kwenye bakuli. Liambianeni hapa."

Yotham alicheka, akatazama mwenzake acheke naye. Silvano alikuwa akitazama dirisha. Jua likahama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Yotham akasema kwamba hata mfungwa wa Wadachi hupewa chakula. Zipora akamjibu: mfungwa hana shauri la kukata, wewe unalo. Baada ya hapo lililosema lilikuwa tumbo la Silvano tu, mara kadhaa.

Hatimaye Silvano alipangusa uso. Akasema yeye kwa kweli hakuona vibaya wasichana wakisoma asubuhi, alifuata tu. Na wavulana wangeweza kukaa upande ule na wasichana upande huu, kama kanisani. Yotham akasema kama mzee Silvano amesema hivyo, yeye ni nani. Zipora akatoka mlangoni, akampungia Emilia mkono.

Wasichana walirudi Jumatatu. Toka hapo, kila Jumamosi maneno yalitangulia na chakula kikafuata. Lakini wanaume walimpa jina, Mama Subiri, na likaenea mpaka visimani. Na wanawake, ambao walilazimika kukoleza moto na kuufunika ugali usipoe huku watoto wao wakilia njaa, hawakuona kwamba ni kwa ajili ya binti zao. Waliona kuni zinakwisha. Zipora alipopita karibu na jiko, kicheko kilikatika, kikaanza tena akishapita. Shule aliipata. Jiko lilimponyoka kabisa.

Hayo ndiyo aliyokuwa amekwisha kuyapitia alipokwenda kwa Matonya kumwombea Loisi.

Matonya alimpokea vizuri, akampa kigoda. Hakuwa mtu wa kanisa. Alikuwa mtu wa ng'ombe, na mambo yote aliyapima kwa njia hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza binti akiwa mwalimu, mahari ataipokea nani, Padri? Zipora akasema mwalimu huolewa pia. Matonya alimtazama, yeye mwenyewe Zipora, kutoka kichwani hadi miguuni, bila ubaya wowote, na hakusema alichokiona.

"Muulize mwenyewe," alisema mwisho. "Ulimi mmemfundisha nyinyi."

Loisi alisema yuko tayari kujaribu. Alisema kwa sauti ya chini, lakini macho yalimng'aa. Zipora akaanza kumwandaa. Alimwachia wadogo peke yake, yeye akatoka nje akakaa mbali, asisikike hata kukohoa. Alimwachia apige chuma. Walipogombana wavulana wawili, akamwachia aamue. Akamfundisha namna ya kuongea mbele ya wanaume: asianze na samahani, asimalize kwa kucheka, na akikatizwa angoje kisha arudi pale pale alipokatiziwa.

Jumamosi moja, mawingu ya kwanza yakiwa yameanza kujipanga upande wa mashariki, Zipora aliwaambia walimu kwamba habari za darasa la wadogo atazieleza Loisi. Msichana alisimama. Alianza, akasahau, akamtazama Zipora. Zipora alitazama sakafu kwa makusudi, ingawa kufanya hivyo kulimuuma kama kumwachia mtoto anayejifunza kutembea.

"Naona mwalimu wetu amezaa bila kuposwa," alisema Yotham, na safari hii Silvano alicheka.

Loisi alingoja kicheko kiishe.

"Nilikuwa sijamaliza, mwalimu Yotham," alisema. Akaendelea. Alieleza nani anasoma na nani bado, na kwamba watoto wa upande wa mlimani wanachelewa kwa sababu wanapitia bonde la fisi na hungoja jua lipande, akataka darasa la wadogo lichelewe kidogo kuanza. Yotham aliuliza maswali mawili, akajibiwa. Silvano akasema sawa. Shauri likakatwa pale pale, chini ya dari la shule, na aliyelileta alikuwa msichana ambaye hajaolewa.

Moyo wa Zipora ulikuwa mwepesi siku ile kuliko siku yoyote aliyoikumbuka. Alitoka mlangoni mwenyewe kumpungia Emilia mkono.

Emilia alitoka na bakuli la wanaume, akalipeleka uani. Akarudi, akatoka na bakuli la bati, akampa Zipora. Akarudi tena. Alipotoka mara ya tatu alikuwa amebeba kibuyu kipya kilichokatwa nusu, kimesuguliwa mpaka kinang'aa, kimepakuliwa ugali upande mmoja na mlenda upande mwingine. Uso wake ulikuwa umejaa fahari ya mama. Alimpelekea Loisi, akampa kwa mikono miwili.

"Na wewe sasa ni mwalimu," alisema.

Loisi alipokea. Akageuka. Zipora, aliyekuwa amekwisha kukaa kizingitini, alimwona akitazama kushoto, halafu kulia. Jikoni wadogo zake walikuwa wakigombania ukoko, na shangazi yake alikuwa akisimulia jambo, na wote walicheka kabla hajamaliza, kama watu wanaolijua jambo lenyewe. Loisi alichukua hatua kuelekea huko. Wanawake, kwa heshima, wakampisha, wakanyamaza, wakangoja aseme anataka nini.

Aliweka kibuyu chini, taratibu, akashika njia ya kwao. Hakugeuka nyuma kutazama.

Jumatatu hakuja. Wala Jumanne. Zipora alipiga chuma, akawashika wadogo na wakubwa pamoja, akatandaza majivu sakafuni mwenyewe. Watoto waliuliza mwalimu Loisi yuko wapi. Akasema yuko kwao.

Kosa alilijua ni lake. Alimfundisha yule msichana kila kitu kuhusu Yotham, na kuhusu bakuli hakumwambia neno. Alinyamaza kwa makusudi. Alihofu akimwambia atakimbia. Basi akamwachia alipokee kama alivyolipokea yeye, kwa mikono miwili, huku watu wakimfurahia. Mambo ya wanaume yanajulikana, mtu hujiandaa. Ila jiko ni la mama yako. Hakuna anayejiandaa kwa ajili ya jiko la mama yake.

Jioni moja, jua likiwa bado halijazama, alikwenda hadi kwenye ua wa Matonya. Alikuwa amepanga maneno. Kabla hajabisha hodi alisikia michi ikipokezana kwenye kinu, na wanawake wakiimba wimbo wa kutwangia ambao hata yeye aliuimba zamani kwa mke wa Nikodemo, na kati ya sauti zile akaitambua ya Loisi. Ilikuwa sauti ya mtu asiye na shida yoyote. Zipora alisimama nyuma ya ua wa miiba mpaka wimbo ukaisha. Maneno yake yote yalikuwa mazuri, na kila moja lilikuwa la kumtoa mtu katika wimbo ule. Akarudi shuleni bila kubisha.

Padri alituma salamu kwa mtu aliyekuwa akitoka Kongwa: Bartolomayo amemaliza, amefunga mizigo yake, anangoja tu vijito vijae na kupungua apate kuvuka. Mwalimu Zipora amwandalie nyumba. Zipora akafagia nyumba ile, akaziba nyufa za paa kwa udongo. Yotham aliposikia habari hizo alikuja siku isiyo Jumamosi, akasema kwa upole ambao haukuwa kawaida yake kwamba kwa kweli hata yeye hakupewa shule, kwa hiyo wote wawili wamekosa. Zipora aliona kwamba alitaka kumfariji. Akamkaribisha maji. Yotham aliyanywa akiwa amesimama.

Na kila adhuhuri alikaa kizingitini. Upepo ulikuwa umekoma, joto limesimama kama ukuta, na kila mtu alitazama mashariki. Karibu, alisema. Endelea, mwalimu, walisema. Wakati mwingine aliwaza kwamba Bartolomayo akishafika yeye atarudi kuwa msaidizi, na bakuli la bati litapelekwa kwa huyo mkuu mpya, naye ataweza kuingia jikoni. Aliliwaza jambo hilo mara nyingi, na kila mara alikuta linamvuta. Halafu aliwaza wasichana mchana, kwenye vinu.

Siku moja aliona mtu anatoka njia ya kisimani na mtungi mtupu. Kwa kuwa jua lilikuwa nyuma yake hakumtambua, na kwa kuwa ilikuwa mazoea akasema, "Karibu."

Mtu yule hakujibu endelea. Alitua mtungi chini, akausimamisha vizuri kwa kuuchimbia mchangani, akaja. Alikuwa Loisi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Hakukaa. Alisimama hatua chache kutoka kizingitini, akichora mchanga kwa kidole cha mguu. Alisema amekuja kuposwa na kijana mmoja wa stesheni, na baba yake amewaambia watu wake wangoje, hajui wangoje nini. Alisema mama yake amekitunza kile kibuyu, amekitundika ukutani, kila mgeni akija anamwonyesha. Alisema mtoto mmoja wa upande wa mlimani alimfuata kisimani kumwuliza herufi inayofuata ni ipi. Mbali sana, upande wa Kongwa, ngurumo ilisikika mara moja, ndogo, kama mtu anayeburuta kinu.

Zipora alingoja. Hakumsaidia, kama vile hakumsaidia siku ile darasani.

"Mwalimu," alisema Loisi, "nikikubali, nitakula na nani?"

Yalimjia Zipora majibu yote ambayo mwenyewe alijipa miaka ile, pale pale alipokaa: kwamba watu watazoea, kwamba heshima ina gharama yake, kwamba Mungu huwaona walio peke yao. Yote aliyajua ladha yake. Alisogea upande mmoja wa kizingiti. Alilitoa bakuli la bati mapajani, akaliweka katikati, juu ya mti uliolainika kwa kukaliwa.

"Na mimi," alisema. "Nami nikiondoka, utakula peke yako mpaka umpate mwingine."